Kwa Nini Gengi ya Mama Wairimu Ilicheka

Swali lililoninyima usingizi mwaka wangu wa kwanza kazini lilikuwa dogo, na wenzangu niliowaeleza walidhani natania. Nilijiuliza: watu wanaofanya kazi vizuri huku wakicheka, je, wanafanya vizuri kwa sababu wana furaha, au wana furaha kwa sababu wanafanya vizuri? Nilikuwa nimetoka chuo kikuu na shahada ya elimu ya jamii, na kampuni moja ya mbegu za mahindi mjini Kitale ilikuwa imeniajiri kuwa ofisa wa wafanyakazi. Nilipanga chumba nyuma ya duka la vitambaa. Asubuhi nyingi nilisikia mwenye duka akifungua milango yake ya chuma, nami bado nimelala chali nikiligeuza swali lile upande huu na upande ule.

Sikulizua mwenyewe. Nililikabidhiwa siku ya kwanza kazini, na aliyenikabidhi ni Meneja wa Tawi.

Ilikuwa katikati ya miaka ya themanini, mwezi wa Julai, mvua ikinyesha kila alasiri. Nilifika ofisini na viatu vya kisigino kirefu, nikitarajia meza. Meneja alikuwa mtu mzima aliyevaa kaunda suti ya kijivu iliyopigwa pasi hadi mikunjo ikasimama, na aliongea polepole kama mtu anayesoma tangazo kanisani. Alinitazama miguuni, akanipandisha kwenye pikapu yake na kunipeleka shambani.

Hapa sina budi kueleza kazi yenyewe, maana vijana wengi wananunua mbegu dukani bila kujua inavyopatikana. Mbegu chotara hutokana na wazazi wawili walio tofauti. Shambani tulipanda mistari ya madume michache, kisha mistari ya majike mingi, kisha madume tena, hadi mwisho wa shamba. Mmea wa mahindi una uume na uke pamoja: juu kabisa huchomoza mbelewele, ule mfano wa fagio unaomwaga chavua, na ubavuni hutoka gunzi lenye nywele za kuipokea. Sasa, ukitaka jike lizae na dume ulilolichagua wewe, lazima uzing'oe mbelewele za jike zote kabla hazijamwaga chavua. Zote. Mashine hatukuwa nayo. Tulikuwa na mikono ya wanawake.

Mng'oaji hupita mstarini asubuhi, umande ukiwa bado kwenye majani. Hushika shina chini kidogo ya mbelewele na kuivuta wima, polepole. Akivuta kwa pupa, majani hutoka pamoja nayo na gunzi hudhoofika. Akiikata nusu, kile kipande kilichobaki humwaga chavua vilevile. Kesho hupita tena palepale, kwa sababu mimea haichanui siku moja. Makali ya majani huchana ngozi, kwa hiyo wanawake walivaa soksi kuukuu zilizokatwa vidole, wakazipandisha mikononi hadi juu ya kiwiko, na kujifunga leso shingoni.

Mwisho wa yote hupita wakaguzi wa mbegu wa serikali. Wakikuta mbelewele zilizochanua kwenye majike kupita kiasi kinachoruhusiwa, shamba hukataliwa. Mahindi hayafi, lakini hayawi mbegu tena. Yanakuwa ya kusaga unga. Kazi ya mwaka mzima hugeuka ugali.

Tulisimama kwenye ukingo wa shamba. Ndani ya mahindi, mbali na macho yetu, watu walikuwa wakicheka kicheko kikubwa kisichoogopa mtu.

"Unawasikia?" Meneja aliniuliza. "Hiyo ni gengi ya Mama Wairimu. Nina magengi mengi hapa. Hiyo ndiyo yenye kelele kuliko zote, na ndiyo inayoniachia shamba safi kuliko zote. Wanamaliza mapema, wanaenda zao. Nimekaa katika kazi hii tangu ujana wangu na sijui kwa nini. Wewe umesomea mambo ya watu. Nitafutie jibu."

Gengi, nifafanue, lilikuwa neno la kawaida tu, halikuwa na ubaya wowote. Lilikuwa kundi la vibarua waliopewa sehemu moja ya shamba chini ya kiongozi wao. Na sehemu hiyo tuliiita kipande. Nyapara aliipima asubuhi kwa kamba na vigingi; gengi ikikimaliza kipande chake, na nyapara akipita akiridhika, watu walikwenda nyumbani hata kama ni saa tano. Asiporidhika, aliirudisha gengi yote mchana kusaka mbelewele zilizoachwa.

Wiki hiyo nilinunua mabuti ya mpira na kwenda kuwatazama. Mama Wairimu alikuwa mwanamke mnene wa umri wa mama yangu. Wazazi wake walihamia huku kutoka mkoa wa kati, naye alikuwa na shamba dogo upande wa Kachibora. Wenzake wote walitoka Kachibora huko huko, Wakikuyu, Wabukusu, na wengine. Nilipokaribia, kicheko kilizimika. Nilisimama pale na kalamu yangu, nikaona aibu.

"Madam," Mama Wairimu alisema bila kugeuka, "kama umekuja kuandika, simama hapo hapo. Kama umekuja kufanya, chukua mstari."

Nilichukua mstari. Sikuwa nimefika mbali nilipowasikia wameanza tena, na safari hii walikuwa wakinicheka mimi. Walikuwa na desturi yao. Mbelewele iliyoachwa kwenye jike waliiita bwana harusi, yaani mwanamume aliyekuja harusini bila kualikwa. Aliyepita nyuma akiiona alipaza sauti, na aliyeiacha ilimbidi kuichomeka kwenye kitambaa cha kichwa na kutembea nayo hadi mwisho wa mstari, wenzake wakimuuliza mahari imefika ngapi.

"Bwana harusi wa Madam huyu hapa," alisema Nafuna, mwanamke mwembamba aliyekuwa mchokozi wa gengi. "Na vile ni mrefu. Madam, huyu ulimwona, ukamwonea huruma."

Waliichomeka kwenye nywele zangu. Nami nilicheka, na nakumbuka nilivyojiuliza papo hapo, mbelewele ikinidondoshea umande shingoni, kama kicheko changu kilinifanya nitazame mstari kwa makini zaidi. Kilinifanya. Lakini pia niliogopa kuaibika tena. Je, ilikuwa furaha au hofu? Hivyo ndivyo nilivyokuwa.

Niliendelea kwenda kwao msimu ule mzima na sehemu ya uliofuata. Nilizitazama pia gengi nyingine. Ziling'oa kimya, na nyapara alizirudisha mchana mara kwa mara. Gengi ya Mama Wairimu haikurudishwa karibu hata siku moja. Niliona walivyosaidiana bila kuambiwa: aliyemaliza mstari wake alimgeukia aliyebaki nyuma na kumpokea katikati. Niliyaona yote hayo. Kile ambacho sikukiona ni walikokwenda saa tano ilipofika. Nilidhani wanakwenda nyumbani kupumzika.

Meneja aliponiita kutaka jibu, nilimweleza nilichokiona: kwamba wale wanawake wana furaha, na furaha yao inawafanya wawe waangalifu, kwamba katika kazi ambayo hakuna msimamizi anayeweza kukagua kila mmea, uangalifu wa hiari ndio unaoiokoa kampuni. Nilisema pia kwamba sina hakika furaha hiyo inaanzia wapi. Hilo la mwisho nililisema kwa sauti ndogo, na nadhani hakulisikia.

"Kwa hiyo ni furaha," alisema. Alikuwa amefurahi mwenyewe. Aliniuliza kama ninajua kuoka mkate. Nikasema najua kidogo. "Basi unajua hamira haiwekwi kwenye donge moja. Inachanganywa kwenye unga wote. Sisi tumeacha hamira yote kwa gengi moja."

Uamuzi wake ulikuwa kuivunja gengi ya Mama Wairimu na kuwagawa watu wake, mmoja huku, wawili kule, katika magengi yote ya tawi, ili wapeleke furaha kwa wengine. Nilirudi chumbani nikatafuta kosa katika hoja hiyo. Nilitafuta kweli. Kila nilipodhani nimelipata, nilijijibu kwa maneno ya vitabu vyangu mwenyewe. Moyo ulikataa, akili ikakubali, na wakati ule niliamini kwamba msomi hufuata akili.

Habari zilipotangazwa, Mama Wairimu alikuja ofisini. Nilimkaribisha kiti akakataa, akasimama mlangoni na mabuti yake mkononi ili asichafue sakafu.

"Madam, tuachie gengi yetu hata msimu ujao."

"Kwa nini, mama?"

"Tumezoeana tu."

Nilimwambia kwa upole, maana nilimpenda, kwamba watazoeana na wengine pia, na kwamba Meneja amewapa heshima kubwa kwa kuwafanya mfano. Alinitazama. Ulikuwa mtazamo mrefu, wa mtu anayepima kama mlango utafunguka akiusukuma.

"Haya," alisema, akaenda.

Msimu uliofuata ulianza vibaya kimya kimya. Nafuna alipelekwa kwenye shamba la mbali, karibu na mto, pamoja na watu asiowajua. Siku ya kwanza alipaza sauti ya bwana harusi, na mama aliyekuwa ameiacha mbelewele alidhani anatukanwa. Walikaribia kupigana. Baada ya hapo Nafuna hakupaza sauti tena. Nyapara mmoja, aliyesikia kwamba Meneja anataka furaha, aliiamrisha gengi yake iimbe, nao wakaimba wimbo wa mazishi kwa sababu ndio uliojulikana na wote. Meneja aliahidi soda kila Ijumaa kwa gengi bora. Zilinywewa. Hazikubadilisha kitu.

Kilichonishangaza zaidi ni kwamba watu wa Mama Wairimu wenyewe walianza kuacha mbelewele kama wengine. Wanawake wale wale, mikono ile ile, walipita kando ya mbelewele iliyosimama wima bila kuigusa. Nilimwona mmoja wao kwa macho yangu. Sikudhani ameiacha makusudi. Alikuwa akitazama mawingu.

Mbelewele zilichanua kwa kasi, mvua ikazidi, na wakaguzi walipokuja walitembea mistarini wakiwa wametulia sana. Walilikataa shamba kubwa kuliko yote tuliyokuwa nayo. Meneja alikaa kwenye ngazi ya pikapu na suti yake katika matope, akawa anaitazama ile mistari kama mtu aliyeambiwa mgonjwa wake hatapona.

Siku chache baadaye alikuwa amepata maelezo. Aliamini amekomolewa. Alisema Mama Wairimu na wenzake walikasirika kutenganishwa na wakaacha mbelewele makusudi, na kwamba makao makuu yalitaka kujua ni nani wa kulaumiwa. Alinituma Kachibora nikamwulize mama yule. Asipokuwa na maelezo ya maana, hataitwa tena msimu ujao, yeye wala yeyote aliyekuwa katika gengi yake. Kwa wanawake wale, hilo lilikuwa jambo zito. Kibarua chetu ndicho kilicholipa karo.

Nilimkuta shambani kwake peke yake, gunia limefunikwa kichwani na mgongoni kama koti la mvua, aking'oa maharagwe. Kule kwetu maharagwe hupandwa katikati ya mahindi na hukomaa wakati mvua bado ipo, kwa hiyo hayangoji. Haya yalikuwa yamengoja. Maganda yalikuwa meusi, na ndani yake mbegu zilikuwa zimeanza kuota.

"Madam, umekuja kunifuta kazi?"

"Nimekuja kuuliza, mama."

"Ungeuliza wakati ule."

"Nilikuuliza. Ukaniambia mmezoeana tu."

Alicheka kidogo, bila furaha, akaendelea kung'oa. Niliinama nikang'oa naye, kwa sababu sikujua la kufanya na mikono yangu. Tulikwenda mstari mzima hivyo kabla hajasema.

"Sisi tulikuwa tukitoka kwa kampuni saa tano, tunaenda kwa shamba ya mmoja wetu. Sisi wote. Leo kwa Nafuna, kesho kwangu, kesho kutwa kwa mwingine. Palizi tunapalilia pamoja, maharagwe tunang'oa pamoja. Mpaka jioni mtu amemaliza. Sasa wewe fikiria: ukiacha bwana harusi mmoja asubuhi, nyapara anarudisha gengi yote mchana, na maharagwe ya mwenzako inanyeshewa. Nani ataacha?"

Niliacha kung'oa.

"Ndio tulikuwa tunacheka," alisema. "Kila mtu alikuwa anajua saa sita atakuwa wapi. Mkatutawanya, huyu anatoka saa tano, huyu saa tisa, huyu yuko huko kwa mto. Hakuna mtu alikuja kwa mwingine tena. Ukiwa kwa kampuni, unafikiria kwako tu. Hiyo mbelewele hata huioni."

"Mama, kwa nini hukuniambia siku ile ulipokuja ofisini?"

Hapo alisimama wima, akashika kiuno na kunitazama kama anavyotazamwa mtoto aliyechelewa kuelewa.

"Nikuambie ati tukitoka kwenu tuko na nguvu ya kulima kwetu? Si mngeongeza kipande?"

Nilirudi Kitale jioni ile nikiwa na jibu la swali langu, na halikunipa usingizi. Nilikuwa nimeuliza kama furaha inaleta kazi nzuri au kazi nzuri inaleta furaha, na muda wote nilidhani vyote viwili ni vyetu, viko ndani ya uzio wa kampuni. Furaha ya wanawake wale haikutuhusu. Waliitengeneza wenyewe, kwenye mashamba yao, mchana, na sisi tulikuwa tukinufaika na kile kilichobaki asubuhi.

Nilimweleza Meneja kila kitu. Alinisikiliza hadi mwisho bila kunikatiza, akavua miwani na kuiweka mezani.

"Mbona hawakusema?"

"Waliogopa ungeongeza kipande."

Alitazama nje dirishani. Alikuwa mtu wa kanisa, na nadhani alijipima kweli kabla ya kujibu.

"Ningeongeza," alisema.

Nimefanya kazi chini ya wakubwa wengi, na huyo ndiye ninayemheshimu zaidi, kwa neno lile moja. Hata hivyo heshima haikumsaidia Mama Wairimu. Nilimwomba Meneja aiunganishe gengi upya. Alisema makao makuu wanataka jina, hawataki hadithi za maharagwe. Nilikwenda hadi Nairobi kuongea na mkubwa wa wafanyakazi, akanipa chai na kunipongeza kwa bidii yangu. Msimu uliofuata gengi za Kachibora hazikuitwa. Kampuni ilianza kuajiri vibarua langoni kila asubuhi, anayefika ndiye anayechukuliwa, na kufikia miaka ya mwisho ya themanini hapakuwa tena na gengi iliyokuwa na jina la mtu. Ziliitwa kwa namba. Meneja alihamishwa. Nilikutana na Nafuna mara moja sokoni Kitale, akiuza mboga. Alinisalimia vizuri sana, kama mtu anavyomsalimia mgeni. Nilitaka kumwambia mengi. Nilinunua sukuma wiki.

Mwanzoni mwa miaka ya tisini nilipelekwa Bungoma kusimamia wafanyakazi wa kituo kipya, ambapo kampuni ilikodi mashamba upande wa Myanga. Nyumbani kwetu ni huko huko, kwa hiyo nililala usingizi angalau kwa muda. Nilikuwa mkubwa sasa, wanawake wakiniita Mama badala ya Madam. Jambo la kwanza nililofanya ni kuwaruhusu wajipange wenyewe. Wakitaka kuwa gengi ya majirani, ya kanisa, ya dada na wifi, hilo ni shauri lao. Sikuwauliza wanakwenda wapi wakimaliza. Nilijua, na nilifanya kama sijui. Mashamba yetu yalipita kila ukaguzi.

Kisha akaja Mkurugenzi wa Uzalishaji. Alikuwa kijana kuliko mimi, mwerevu, mwepesi wa kucheka, mwenye gari jipya. Biashara ya mbegu ilikuwa imefunguliwa, kampuni kutoka nje zilikuwa zinaingia, na yeye alikuwa ametumwa kupunguza gharama. Tulisimama barabarani jua likiwa utosini, magengi yakipita na leso zao mabegani.

"Hawa wanaenda wapi saa hizi?"

"Wamemaliza kipande."

"Basi kipande ni kidogo."

Alitaka kiongezwe nusu ya kilivyokuwa, na alitaka mimi ndiye nikipime, kwa sababu watu walinizoea. Nilimsimulia habari za Kitale. Alinisikiliza kwa adabu.

"Mama, mimi sina shida na watu wakiwa na furaha," alisema. "Lakini mimi nalipa siku nzima. Furaha yao ya mchana ni ya kwao. Si ya kampuni."

Ugumu wake ni kwamba hakuwa amekosea. Hesabu yake ilikuwa sawa, na wiki ile yote niliyopewa kujiandaa niliihesabu upya. Nikafika pabaya zaidi: nikaanza kuitilia shaka hata Kitale. Mwaka ule mvua ilikuwa kubwa. Huenda lile shamba lingekataliwa hata kama Mama Wairimu angeachwa na gengi yake. Huenda nilijenga imani yangu yote juu ya maharagwe yaliyooza na maneno ya mwanamke aliyekuwa amekasirika. Sikuweza kulithibitisha. Hadi leo, nikiwa nimestaafu, siwezi kulithibitisha.

Ninaandika haya kwa ajili ya ninyi mnaoanza kazi katika ofisi zenye jina refu la rasilimali watu, mnaotumwa kupima furaha ya wafanyakazi kwa maswali ya karatasi. Sina ushauri mwingi. Mtasikia watu wakicheka nanyi mtatamani kukishika kicheko chao, mkigawe, mkipeleke kwenye idara nyingine. Kabla ya hapo, jitahidini kujua wanakwenda wapi wakitoka kwenu. Na wakikataa kuwaambia, jiulizeni wanaogopa mtafanya nini na habari hiyo. Mara nyingi wanaogopa kwa haki.

Wala sitawadanganya kwamba kampuni yenye watu wenye furaha hudumu. Kituo chetu cha Bungoma kilifungwa kabla ya miaka ya tisini kuisha. Mbegu ya wengine ilikuwa rahisi kuliko yetu, basi. Mimi nilikuwa nimeshastaafishwa mapema, na sababu yake ndiyo hii ninayomalizia. Majuto yangu hayahusu kazi niliyoipoteza. Yanamhusu mwanamke aliyesimama mlangoni na mabuti mkononi akinipima kama naweza kuaminiwa, akaona siwezi, na kwa wakati ule alikuwa sahihi.

Wiki ya kujiandaa iliisha Jumatatu. Umande ulikuwa mzito. Magengi yalisubiri kwenye ukingo wa shamba, soksi mikononi, wakiwa wamekwisha kusikia, maana habari za namna hiyo hazifichiki. Mkurugenzi alikuwa ameegemea gari lake upande wa pili wa barabara, mikono mifukoni, akinipa nafasi. Nyapara wetu, Barasa, alikita kigingi cha kwanza, akaivuta kamba na kutembea nayo kando ya mistari hadi kwenye shimo la kigingi cha wiki iliyopita. Aliposimama hapo, alinigeukia.

"Mama, tunaendelea mbele ama?" aliniuliza kwa sauti ya chini. "Mkubwa anatuangalia."

Nilikuwa na majibu mengi. Nilikuwa nimeyapanga kwa wiki nzima, mengine na sababu zake za kuunga na za kupinga. Niliwatazama wale wanawake na kugundua kwamba hakuna aliyekuwa akinisihi. Walikuwa wakingoja tu kujua mchana wao umekwenda au umebaki.

"Kita hapo hapo," nilimwambia Barasa.

"Hapo pa zamani?"

"Hapo ulipo."

Alikita kigingi, akakaza kamba. Gengi ya kwanza iliingia mistarini bila kungoja kuambiwa, na mimi nikageuka, nikavuka barabara kwenda kumwambia Mkurugenzi nilichokuwa nimefanya.